Tubular Bells sio muziki wa mashetani, ila usiuweke kama alamu

Nianze na kukiri kosa. Kama wiki tatu hivi nilikuwa naamshwa na Tubular Bells, yaani zile noti za piano za mwanzo kabisa, zile zinazozunguka zunguka kama mdudu kwenye taa, nilizikata nikaziweka alamu kwenye simu nikajiona nimepatia kweli kweli, muziki mtulivu, hauna ngoma, hakuna mtu anayekupigia kelele asubuhi asubuhi, utaamka taratibu kama mtu mwenye akili zake. Wiki ya kwanza freshi. Wiki ya pili nikaanza kushtuka kabla alamu haijalia, macho kodo, moyo unadunda, nasubiri ianze. Wiki ya tatu nikarudisha ule mlio wa jogoo uliokuja na simu.

Na hapo nilishaisikiliza albamu nzima mara nyingi tu na naipenda, sio kwamba ilikuwa ngeni kwangu. Ndo maana nimeona niandike hii rivyu, maana karibu kila mtu anayeiongelea hii albamu anaanzia kwenye muvi na anaishia kwenye muvi, ile ya kutisha ya binti aliyeingiwa na shetani. "Si ule muziki wa The Exorcist?" Basi, imeisha. Sasa kama na wewe unaitafuta kwa ajili hiyo, unataka kitu cha kusikiliza usiku taa zimezimwa nywele zikusimame, ngoja nikwambie mapema usije ukanilaumu: utatishika dakika tatu nne za kwanza, halafu zile arobaini na tano zinazobaki utakuwa unajiuliza kama wamekuwekea albamu ya mtu mwingine.

Kwa asiyeijua. Ni kazi ya Mike Oldfield, Mwingereza, ilitoka tarehe 25 Mei 1973, na jamaa alikuwa ametimiza miaka 20 siku kumi tu nyuma. Ndo albamu ya kwanza kabisa kutolewa na Virgin Records ya Richard Branson, yule tajiri wa Kiingereza, enzi hizo bado hajawaza habari za kuwa na shirika la ndege. Haina nyimbo kumi kama albamu zingine, ina Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kila moja imejaza upande mzima wa santuri, ya kwanza dakika 25 na ushee, ya pili 23 na ushee, na vyombo karibu vyote kapiga mwenyewe, kimoja juu ya kingine juu ya kingine. Leo mtu akiwa na laptop chumbani anafanya hivyo na hata hatupigi makofi. Ila huyu demo zake alizifanyia kwenye rekoda ya tepu ya Bang & Olufsen aliyoazima kwa Kevin Ayers, mwanamuziki ambaye Oldfield alikuwa kwenye bendi yake, na ile mashine ilikuwa na kichwa cha kufuta, ukirekodi kipya cha zamani kinaondoka. Akakiziba na kipande cha karatasi ngumu kisifute. Ndo hivyo tu. Akawa anajirekodi juu ya alichokwisha kurekodi, tabaka kwa tabaka, halafu akaanza kuzungusha hizo tepu kwenye makampuni ya rekodi na yakamgomea, muziki hauna maneno, unakwenda nusu saa bila kuimbwa, nani atanunua hiki.

Waliomkubalia ni wale wa The Manor, jumba la zamani huko Shipton-on-Cherwell, Oxfordshire, ambalo Branson alikuwa kaligeuza studio. Mwishoni mwa 1972 wakampa wiki moja. Sehemu ya Kwanza ikatoka ndani ya hiyo wiki, na Sehemu ya Pili akaifanya kwa kuvizia miezi iliyofuata, mteja akiondoka yeye anaingia. Maenjinia walikuwa Tom Newman na Simon Heyworth, na hao watu nawaheshimu sana maana ukisikiliza na hedifoni nzuri unasikia kabisa kuwa hii kitu ilifanywa kwa mikono, vyombo vinaingia ghafla, vingine vinatoka kama mtu kafunga mlango.

Haya tuje kwenye zile noti.

Nataka ufanye hivi. Weka mwanzo wa Sehemu ya Kwanza, halafu gonga meza na kidole, kila baada ya noti mbili gonga moja, taratibu, usiharakishe. Mwanzoni uko sawa na piano. Mzunguko wa kwanza ukiisha unaanza upya, na hapo utagundua kidole chako kinaangukia katikati ya noti ambazo sizo, kama umekanyaga ngazi ambayo haipo. Endelea kugonga usikate tamaa, mzunguko wa pili ukiisha ghafla uko sawa tena. Halafu unapotea tena. Sio kwamba hujui muziki. Ule mzunguko una mapigo 15, wakati masikio yetu yamezoea 16, jamaa kang'oa pigo moja tu mwishoni akatuachia pengo, na kwa kuwa 15 haigawanyiki kwa mbili, mwili wako unavutwa nje na kurudishwa ndani, nje, ndani, na hujui ni nani anayekuvuta.

Halafu kuna noti moja humo ndani hairuki, inarudi karibu kila baada ya noti moja kama mtu anayegonga dirisha, noti zingine ndo zinazunguka pembeni yake. Juu ya piano ameweka glokenspili, vile vipande vya chuma vidogo vyenye sauti ya kisanduku cha muziki cha mtoto mchanga. Ukijumlisha unapata kitu ambacho kwa sura ni bembelezo la kulalisha mtoto, ila kimekosewa mahali padogo sana, na hilo kosa linajirudia bila huruma. Mi nadhani ndo siri yote hapo. Kitu cha kutisha waziwazi unakizoea, ukiwekewa vayolini zinapiga mayowe unashtuka mara moja imeisha. Ila kitu cha kawaida kilichopinda kidogo ubongo haukiachii, unakirudia rudia kukihesabu, na hesabu haitoki.

Na Oldfield hakuwa anawaza shetani yeyote. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba enzi hizo alikuwa anasumbuliwa na hofu, ile hofu ya ghafla inayomkamata mtu bila sababu, na muziki ndo ulikuwa mahali pake pa kujificha. Nikijua hilo nausikia tofauti. Kuna wasiwasi humo ndani, ndio, ila ni wasiwasi wa mtu anayejituliza, anajihesabia noti mpaka presha ishuke.

Sasa muvi. Ilitoka Desemba 26, 1973, Marekani, dairekta ni William Friedkin. Muziki wa ile muvi alipewa kwanza Lalo Schifrin, mtunzi mzito, akatengeneza, Friedkin akausikia akaukataa, hataki, kakataa kabisa. Akaanza kutafuta kwenye marundo ya santuri kitu chenye hisia ya utoto, akakutana na hii, hana habari huyu kijana wa Uingereza ni nani, akaweka sindano, akasikia huo mwanzo, kazi imeisha. Na kachukua mwanzo tu, sidhani kama alikuwa na shida na zilizobaki.

Kinachonichekesha mpaka leo ni sini yenyewe. Watu wanakumbuka kana kwamba huu muziki unapigwa binti akigeuza shingo, kitanda kinaruka, mambo yote yale. Hapana! Unapigwa mchana kweupe. Mama yake, Ellen Burstyn, anatoka kazini anatembea kwa miguu kurudi nyumbani mitaa ya Georgetown, majani yamedondoka barabarani, masista wawili wanapita nguo zao zinapeperushwa na upepo. Hakuna damu wala jini. Ni mtu anatembea. Na yale mabalaa makubwa ya kitandani karibu yote hayana muziki kabisa, ni sauti za watu na vitu kuvunjika, na sehemu zingine Friedkin kaweka vipande vifupi vifupi vya watunzi kama Penderecki, ule muziki wa kukwaruza ambao kweli unatisha na hakuna mtu anayeukumbuka wala kuupigia mluzi.

Kwa hiyo ule mwanzo wa piano ulibeba dhambi ambazo haukufanya. Umepigwa kwenye sini iliyotulia kuliko zote, watu wakatoka ukumbini wametetemeka, wanatafuta cha kuondoka nacho kichwani, wakaondoka na huo. Yule jini hakuwa na wimbo wake wakamtafutia.

Ah, na kengele zenyewe zilizoipa albamu jina hazimo kwenye muvi! Kengele zinakuja mwishoni kabisa mwa Sehemu ya Kwanza, dakika ishirini na kitu baadaye. Nimeshabishana na watu wawili kwa nyakati tofauti wanaoapa walizisikia. Hujazisikia bwana.

Biashara ikachangamka lakini, hilo siwezi kukataa. Kule Marekani walikata kipande wakakitoa kama singo mwanzoni mwa 1974, kikapanda mpaka namba 7 kwenye chati ya Billboard, albamu ikafika namba 3, na 1975 ikaja Grammy ya utunzi bora wa muziki wa ala tupu. Oldfield hakuhusishwa na ile singo na hakuipenda. Kwao Uingereza akatoa singo yake mwenyewe, sehemu nyingine kabisa ya albamu, melodia inapigwa na obo, yaani zumari la Kizungu, kitu cha mashambani, ng'ombe, ukungu, utulivu. Ukizisikiliza hizo singo mbili pamoja utadhani ni wagomvi. Moja ni vile alivyotaka asikike, nyingine ni vile dunia ilivyoamua.

Halafu waliofuata wakaiga. Sitaki kusema kila mtu aliiga, ila sikiliza muvi za kutisha za miaka iliyofuata uhesabu mapigo. Goblin, ile bendi ya Waitaliano, kwenye Profondo Rosso ya 1975, sikiliza gitaa na kinanda vinavyozunguka, halafu unambie. John Carpenter, dairekta wa Halloween ya 1978, muziki kapiga mwenyewe, piano inarudia rudia kwa mapigo matano, ameeleza kwamba baba yake alimfundisha hayo mapigo akiwa mdogo kwenye bongo, zile ngoma ndogo mbili. Carpenter ndo ana hadithi ninayoipenda kuliko zote kwenye hii mada: aliwahi kumwonesha mkuu mmoja wa studio ile muvi kabla haijawekwa muziki, mama wa watu akatoka hajatishika hata kidogo. Akaweka muziki. Muvi ni ile ile, kisu ni kile kile. Baadaye yule yule akaja kusema ameipenda sana. Na kabla yao wote kuna dairekta Hitchcock, 1960, alitaka ile sini ya bafuni kwenye muvi yake ya Psycho ipite kimya bila muziki, mtunzi wake Bernard Herrmann akaandika hivyo hivyo zile vayolini zinazochoma, Hitchcock akasikia akabadili mawazo. Ila Herrmann anakutishia usoni. Hii familia ya Tubular Bells inakaa nyuma ya kochi.

Turudi kwenye albamu maana ndo ninayoipima hapa.

Ukivuka hizo dakika za mwanzo, muziki unafunguka. Linaingia gitaa la besi, yanaingia magitaa yanayong'ata kidogo, kuna mahali ghafla inakuwa roki kabisa, halafu inakatika, inabaki gitaa moja la nyuzi linaongea peke yake kama mtu kibarazani. Haiunganiki vizuri kila mahali, tuseme ukweli, kuna sehemu kama mbili tatu unasikia kabisa hapa alikuwa na wazo jingine akaligundisha na hili kwa gundi. Kwa mtu anayependa wimbo uwe na mwanzo, kati na mwisho atakereka. Mi nimezoea, naona kama kupita mtaani, kila nyumba ina redio yake.

Halafu mwisho wa Sehemu ya Kwanza. Hapa ndo pamenifanya nisiweze kuiita hii albamu ya kutisha hata unilipe. Besi inaanza kuzunguka melodia moja nzuri, inazunguka, inazunguka, na ghafla linatokea sauti la mtu mzima la Kiingereza cha kibwanyenye, Vivian Stanshall, anaanza kutambulisha vyombo kimoja kimoja kama MC wa harusi anayeita wageni meza kuu. Piano kubwa! Inaingia piano. Ogani! Inaingia ogani. Glokenspili. Gitaa la besi. Gitaa la spidi mara mbili, maana yake wamerekodi tepu ikienda nusu ya mwendo halafu wakaipiga mwendo kamili, ndo maana lina sauti nyembamba kama ya katuni. Halafu anasema "magitaa mawili yaliyokwaruzwa kidogo", na hicho kidogo anakitamka kwa madaha mpaka unacheka. Mandolini. Gitaa la Kihispania. Kila kimoja kinapokezana ile melodia, wakati vya nyuma vinaendelea, na mwisho kabisa anavuta pumzi anasema: na... tubular bells!

Gong.

Aisee. Nimeisikia mara ngapi sijui na bado hapo nywele zinasimama, na sio kwa woga. Hizi kengele ni mabomba marefu ya chuma yananing'inizwa kwenye fremu, okestra wanazipiga na nyundo laini, sauti inatoka ya kanisani, ya heshima. Oldfield aliziona pale The Manor zikiwa zinaondolewa na vyombo vingine vya rekodi ya mwanamuziki John Cale, akaomba waziache. Siku ya kurekodi ile nyundo ya kawaida haikumtosha, alitaka mlio mkubwa, akachukua nyundo ya chuma kabisa akazitandika. Ndo maana mlio wake una kitu kama kupasuka ndani yake, unasikia chuma kinaumia. Na lile bomba lililopinda kwenye kava, picha ya Trevor Key, linatokana na kisa hicho hicho. Kwa hiyo picha ambayo watu wanaiona ina kitu cha kishetani shetani, lile chuma lililojikunja angani juu ya bahari, ni kumbukumbu ya kijana aliyepiga kengele kwa nguvu kupita kiasi.

Kama bado huniamini kwamba watu hawa walikuwa wanatania, geuza kava. Nyuma wameandika onyo kwamba hii rekodi ya stereo haiwezi kupigwa kwenye makopo ya bati ya zamani hata yafungwe nini, na kama unalo kopo la namna hiyo tafadhali lipeleke kituo cha polisi kilicho karibu. Na kwenye orodha ya waliofanya kazi wameandika kuna "kwaya ya puani". Kweli ipo, sikiliza utawasikia.

Sehemu ya Pili nitaisema kwa kifupi kwa sababu nusu yake ya mwanzo mi hunipa usingizi, na simaanishi vibaya, ni magitaa laini laini na ogani, nzuri kwa kuosha vyombo. Nusu ya pili ndo balaa. Kwenye dakika ya 12 hivi zinaingia ngoma, za Steve Broughton, ndo sehemu pekee yenye drums kamili kwenye albamu nzima, na juu yake linaanza kunguruma dubwana. Halisemi neno hata moja, linakoroma na kubweka na kufoka, kwenye kava wameliita Piltdown Man, lile fuvu la uongo lililowadanganya wanasayansi wa Uingereza miaka mingi. Ni Oldfield huyo. Alikunywa wiski akasimama mbele ya mikrofoni akapiga makelele mpaka sauti ikakauka, tepu ikiwa imeongezwa mwendo ili ikipigwa kawaida sauti ishuke iwe nzito. Sasa hebu nisaidie: hapa kuna zimwi la kweli kweli, linanguruma kwa koo la mwanadamu aliyelewa, na hakuna dairekta hata mmoja aliyelitaka. Wakachukua piano. Dubwana linachekesha. Piano ndo inakunyima usingizi.

Albamu inaisha na ile ngoma ya mabaharia ya kizamani, Sailor's Hornpipe, inaanza polepole halafu inaongezeka kasi, inaongezeka, mpaka vidole vinakaribia kujifunga fundo. Yaani mtu kakuanzishia ndotoni kakuacha unarukaruka.

Malalamiko yangu sasa. La kwanza nimeshalisema, Sehemu ya Pili inalegea mwanzoni. La pili ni namna ya kuisikiliza. Kuna programu moja ya muziki niliyokuwa naitumia bila kulipia, sitaitaja, ilinikatia Sehemu ya Kwanza katikati ya utambulisho wa vyombo, Stanshall kashasema mandolini, namsubiri, mara linaingia tangazo la kupunguza kitambi. Kwa sekunde kama mbili nilidhani ndo chombo kinachofuata. Hii albamu usiisikilize kwa vipande, na usiiache kwenye kuchanganya nyimbo ovyo, maana unakuwa na dakika 25 inayotokea ghafla katikati ya nyimbo zako za dakika tatu, waliomo kwenye gari wanakuangalia.

La tatu, matoleo ni mengi mpaka unachanganyikiwa. Kuna ile ya 1973. Kuna ya okestra ya 1975, iliyopangwa na David Bedford, ambayo kwangu ni kama picha ya harusi, kila mtu kasimama wima. Kuna Tubular Bells II ya 1992. Kuna ya 2003, hii alirekodi yote upya kwa mitambo ya kisasa kusahihisha makosa yaliyomkera miaka 30, na kwa kuwa Stanshall alishafariki 1995, utambulisho kaufanya John Cleese yule mchekeshaji. Ni safi mno. Kila noti imenyooka, kila chombo kiko mahali pake, na ule mwanzo hautishi hata kidogo! Nimeujaribu usiku, nimezima taa, hakuna kitu. Nadhani ile mikwaruzo ya tepu na kutetereka kidogo kwa vidole ndo vilikuwa vinafanya nusu ya kazi, ukivisafisha unabaki na piano inayohesabu hadi 15. Kuna pia miksi mpya ya 2009 ya zile tepu za zamani, hiyo nzuri, vyombo vimetenganishwa vizuri na uchafu wake umeachwa. Kama unachukua moja tu, chukua ya 1973 au hiyo ya 2009, ya 2003 iache hadi uwe umeshaizoea na unataka kulinganisha.

Na kama unataka kuona mtu anajaribu kuusafisha huu muziki jina mbele ya dunia nzima, tafuta video ya ufunguzi wa Olimpiki ya London, Julai 27, 2012. Oldfield mwenyewe yuko uwanjani na gitaa, inapigwa Tubular Bells, na kinachoonyeshwa ni watoto vitandani na manesi wao, sherehe ya huduma ya afya ya Uingereza. Watoto wanarukaruka kwenye magodoro. Nikasema eheee, leo ndo leo, jamaa kapata haki yake. Mara taa zikabadilika, yakaanza kutokea mazimwi ya hadithi za watoto kuzunguka vitanda. Hata siku hiyo walishindwa kujizuia!

Nyota ningeipa nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu imebaki kwenye mwanzo wa Sehemu ya Pili.

Mpwa wangu, ana miaka tisa, aliingia sebuleni siku moja nikiwa nasikiliza ule mwanzo kwenye spika. Hajawahi kuiona ile muvi wala haijui. Akasimama mlangoni.

"Anko, huu muziki wa nani?"

"Wa mtu anaitwa Mike. Kwani vipi?"

"Kuna kitu kinakuja."

Nikamwambia hakuna kitu kinakuja, akae asikilize. Hakukaa, alisimama pale pale kashika kitasa mpaka besi ilipoingia ndo akaachia. Nikaona nimrukishie moja kwa moja kwenye lile dubwana la Sehemu ya Pili, akacheka mpaka akakaa chini, na sasa hivi kila akija lazima niiweke, dakika ya 12, yeye na Oldfield wananguruma pamoja nyumba nzima. Ule mwanzo ananiambia niuruke.